Mjomba Aliyeiona Nyambizi

Nimechoka na mjomba wa kila mtu.

Ukiishi Ireland, ukataja mezani kwamba unasoma shahada ya uzamili ya historia na kwamba tasnifu yako inahusu bahari wakati wa vita, subiri kidogo tu. Chai haitapoa kabla mtu hajakuambia kuwa mjomba wake, au babu wa mkewe, au padri wa parokia yao ya zamani, aliiona nyambizi ya Kijerumani ikiibuka ghubani usiku wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wavuvi wakaiendea na mitumbwi yao, wakaijaza dizeli. Nahodha akalipa kwa dhahabu. Wengine husema kwa konyaki. Lipo toleo ambalo mabaharia walishuka wakaenda kucheza dansi kwenye ukumbi wa kijiji, na lipo lile la baharia Mjerumani aliyeokotwa amekufa na kipande cha tiketi ya sinema ya Galway mfukoni. Kwa mwaka mmoja na miezi minne nimehesabu wajomba kumi na saba. Hakuna hata mmoja mwenye tarehe.

Mwanzoni nilikuwa nacheka. Niliacha kucheka siku ya semina moja ya chuoni kwetu, chuo ambacho sitakitaja. Tulikuwa tunajadili nchi zilizokataa kuingia vitani. Ireland ilikuwa mojawapo: tangu Septemba 1939 hadi mwisho haikupigana, ingawa nyambizi za Hitler zilikuwa zikiwinda meli za Waingereza mbele ya pwani yake. Mwanafunzi mwenzetu, kijana mpole tu kutoka Uingereza, akasema kama anayesoma ratiba ya treni kwamba msimamo ule ulikuwa wa mdomoni, maana inajulikana kuwa nyambizi zilikuwa zinakunywa mafuta magharibi mwa kisiwa. Waireland wawili waliokuwepo wakatazama meza. Nikauliza ushahidi uko wapi. Akasema upo kwenye masimulizi ya watu wa pwani. Halafu akanigeukia akitabasamu: wewe unayetoka Afrika hutakuwa wa kwanza kukataa historia simulizi, au siyo? Mhadhiri akatikisa kichwa kukubali.

Usiku ule nilimpigia rafiki yangu Dar es Salaam nimlalamikie. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanimaliza kwa methali. "Dada, lisemwalo lipo. Kama halipo, laja."

Basi ndiyo maana naandika. Lisemwalo halipo. Halikuwepo, na sasa miaka zaidi ya themanini imepita na bado halijaja. Na ninakataa kata kata kuambiwa kwamba kulikubali ndiko kuiheshimu historia ya mdomo.

Tuanze na mafuta, kwa sababu mafuta hayana mjomba.

Nyambizi iliyotumika zaidi katika vita ile, aina ya VIIC, ilibeba takriban tani 113 za dizeli. Chukua kalamu. Hizo ni lita kama 133,000. Kwa pipa la kawaida la lita 200, yale tunayoyaona yamepangwa nje ya gereji, ni mapipa zaidi ya 660. Pipa moja likijaa lina uzito wa karibu kilo 190 pamoja na chuma chake. Sasa mtumbwi wa wavuvi wa Kerry ni wa fito za mbao zilizovikwa turubai lililopakwa lami. Ni mtumbwi mzuri, mwepesi, wanaume watatu au wanne huubeba vichwani mwao kwenda majini, ukiwatazama kwa mbali utadhani ni mdudu mkubwa mweusi anayetembea ufukweni. Tuufanyie ukarimu, tuseme ulibeba mapipa manne kwa safari. Hizo ni safari zaidi ya 160, usiku, kwenye mawimbi ya Atlantiki, bila taa, halafu kila pipa linyonywe kwa pampu ya mkono huku nyambizi inapanda na kushuka.

Na mapipa yalifikaje ufukweni? Lori la tani tatu lingebeba mapipa kumi na matano, kwa hiyo ni mizigo zaidi ya arobaini ya lori, kwenye barabara nyembamba za kijijini ambako hata baiskeli ikipita mbwa wanabweka. Malori hayo nayo yalihitaji mafuta. Na dizeli yenyewe ilitoka wapi? Ireland haikuwa na tone la mafuta la kwake. Yote yaliletwa kwa meli, na kwa kiasi kikubwa Uingereza ndiyo iliyoamua ni kiasi gani kipite. Kufikia 1943 magari ya watu binafsi yalikuwa karibu yote yamesimama. Treni zilitembea kwa mboji iliyochimbwa mabwawani, zikifika baada ya abiria kukata tamaa. Mgao wa chai uliwahi kushuka hadi nusu aunsi kwa mtu kwa wiki, yaani gramu kumi na nne. Mpwani yeyote anayesoma hapa anaelewa maana ya gramu kumi na nne za chai kwa wiki nzima. Nchi iliyokuwa inakausha majani ya chai iyachemshe mara ya pili, ndiyo inayoambiwa ilikuwa na mapipa 660 ya dizeli ya kugawa kila nyambizi ilipogonga hodi.

Najua jibu. Kijana wa semina alilitoa palepale: si lazima wajaze tangi, kidogo tu. Haya, kidogo. Nyambizi ile, ikienda taratibu juu ya maji, ilisafiri maili za baharini zipatazo 8,500 kwa tangi zima. Mapipa kumi yangeipeleka kama maili 130. Kutoka Kerry hadi Brest ni zaidi ya maili 300. Nani ahatarishe nyambizi na watu arobaini na kitu, aingie kwenye ghuba ya nchi asiyoijua, apate mafuta yasiyomfikisha hata nusu ya njia ya kurudi?

Samaki, viazi, mayai, hayo siyabishii. Watu wa bahari hubadilishana vitu. Lakini hakuna aliyewahi kuishutumu nchi kwa gunia la viazi.

Ukitaka kujua nyambizi ilivyonyweshwa kweli katika nchi isiyopigana, tazama Hispania. Vigo na Cádiz zilikuwa na meli za Kijerumani zilizokwama bandarini tangu vita vianze, zikiwa na mafuta ndani. Usiku nyambizi iliingia, ikajibanza ubavuni, mabomba yakaunganishwa, na kabla ya alfajiri ikawa imeondoka. Meli, bandari, mabomba, wahandisi. Na Waingereza walijua, wakaipelekea serikali ya Madrid malalamiko. Baada ya Ufaransa kuanguka Juni 1940 Wajerumani walipata Lorient, Brest na Saint-Nazaire, bandari zenye karakana kamili. Tangu 1942 walikuwa hata na nyambizi kubwa maalumu za kubeba mafuta, zikiwajazia wenzao katikati ya Atlantiki. Wanajeshi wao wenyewe waliziita ng'ombe wa maziwa. Mwenye ng'ombe wake hatembei usiku kuomba kikombe kwa jirani mwenye mbuzi mmoja mkavu.

Na baada ya vita? Washindi walizikamata nyaraka za jeshi la maji la Ujerumani karibu zote, zikiwa zimefichwa kwenye ngome ya Tambach. Shajara za safari za nyambizi zimo, siku kwa siku: upepo, mwendo, mafuta yaliyobaki. Watu wamezichambua kwa miongo. Kituo cha mafuta cha Ireland hakimo.

Sasa niseme yaliyomo, maana sitaki mtu adhani natetea malaika.

Nyambizi zilikuja. Juni 1940 nyambizi U-38 iliingia Ghuba ya Dingle ikamshusha jasusi aliyeitwa Walter Simon. Hakudumu, polisi walimkamata muda si muda. Agosti mwaka huohuo U-65 ilikuwa njiani kumrudisha nyumbani Seán Russell, mkuu wa IRA, jeshi la chinichini lililokuwa tayari kushirikiana na shetani yeyote mradi ni adui wa Uingereza. Russell aliugua humo ndani akafa, wakamzika baharini, nyambizi ikageuza. Kwa hiyo walikuwepo Waireland waliotaka urafiki na Berlin. Serikali yao wenyewe, chini ya Éamon de Valera, iliwafunga gerezani na kambini, na baadhi iliwaua kwa hukumu ya kifo.

Ila rudi kwenye U-38. Miezi mitatu kabla ya kumleta jasusi wake, Machi 1940, nyambizi hiyohiyo chini ya kamanda huyohuyo, Heinrich Liebe, iliikuta boti ya uvuvi ya Ireland iitwayo Leukos karibu na kisiwa cha Tory, kaskazini-magharibi. Ikaizamisha. Walikuwamo wavuvi kumi na mmoja, hakupona hata mmoja. Miaka mingi familia zao ziliishi bila kujua ni kitu gani kilichowachukua wanaume wao. Novemba 1942 meli ya mizigo Irish Pine, yenye bendera ya Ireland na jina la nchi limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, ilipigwa topido na U-608. Watu thelathini na watatu. Hakupona mtu hapo pia.

Kwenye orodha yangu ya wajomba kumi na saba, sina hata mmoja aliyenitajia Leukos. Hilo ndilo linalonikera kuliko dizeli. Tumewapa nafasi mabaharia wa kubuni waliocheza dansi, tukawanyima wavuvi waliokufa kweli.

Niruhusu nirudi nyumbani kidogo, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kumshuku mjomba.

Mimi kwa upande wa mama ni mtu wa Rufiji. Katika delta ile, mwishoni mwa 1914, ilijificha manowari ya Kijerumani Königsberg, na tatizo lake kubwa lilikuwa lilelile tunalolizungumza: haikuwa na makaa ya mawe ya kutosha. Sikiliza jinsi manowari yenye njaa inavyosumbua. Ujerumani ilituma meli nzima, Rubens, imejigeuza kuwa ya Kidenmaki, ikazunguka Afrika yote na makaa tumboni, ikafika ghuba ya Manza karibu na Tanga Aprili 1915, na hapo Waingereza wakaikamatia. Vipande vya mitambo ya mvuke vilivyoharibika vilikokotwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikakokotwa kurudi. Kwa mikono na mabega ya nani? Delta nzima ilijua. Hakuna kitu kikubwa kiasi kile kinacholishwa kwa siri.

Kuhusu wakati ule nimerithi hadithi mbili. Ya kwanza ni ya mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, ambaye anajua kwa hakika Mjerumani alipozika sanduku la dhahabu. Msomaji wa Tanzania hahitaji nieleze zaidi, maana kila wilaya ina mzee wa namna hii na kila mzee ana ramani kichwani. Mjomba alichimba chini ya mbuyu kiangazi kizima. Alipata chupa.

Ya pili ni ya bibi, aliyoipokea kwa mama yake. Bibi hana dhahabu. Ana majina. Anakutajia nani alichukuliwa kubeba mzigo, alitoka nyumba ipi, ilikuwa masika au kiangazi, nani alirudi na nani hakurudi, na yupi alirudi lakini bega moja likawa chini kuliko jingine hadi anakufa. Ukimuuliza jambo asiloambiwa anasema, "Hilo mama hakulisema," na anafunga mdomo. Hiyo ndiyo historia simulizi. Ina msemaji, ina mahali, ina mipaka, na inamuuma anayeisema. Ya mjomba ni uvumi, na nampenda mjomba, lakini mtu akiniambia kwamba kumheshimu bibi kunanilazimu kumwamini na mjomba, namwona ama hajui kazi yake ama anatudharau sisi sote watatu.

Tena kuna jambo ambalo kijana wa semina hakulijua, au alilijua akalinyamazia. Hadithi ya nyambizi kunywa mafuta haikuanzia midomoni mwa wavuvi. Ilikuwa London kwenye karatasi mapema mno. Mwezi uleule wa kwanza wa vita, Winston Churchill, wakati huo waziri wa jeshi la maji, aliwaandikia maofisa wake kuhusu nyambizi kusaidiwa na watu wabaya wa magharibi mwa Ireland ambao de Valera hathubutu kuwagusa. Katika waraka huo anataja ushahidi, na kabla sentensi haijaisha anajishusha hadi shuku. Shuku ilitosha. Walituma boti yenye silaha iliyojifanya ya uvuvi kuzungukia ghuba za magharibi. Haikupata kitu. Waliweka ofisa wao wa jeshi la maji Dublin, akawa anapokea taarifa na kuzifuatilia pamoja na Waireland wenyewe. Hakupata kitu.

Kwa nini basi iliendelea? Kwa sababu ilikuwa na kazi. Hadi 1938 Uingereza ilikuwa bado inashikilia bandari tatu za Ireland: Cobh, Berehaven na Lough Swilly. Ilizirudisha kwa makubaliano, na mwaka mmoja tu baadaye ikazihitaji kwa ajili ya kulinda misafara ya meli zake, Dublin ikasema hapana. Hasira ile naielewa. Mabaharia walikuwa wanakufa kwa maelfu, na kila maili ya ziada ilikuwa na gharama yake. Lakini "jirani amekataa kutupa bandari" ni malalamiko, na malalamiko hujadiliwa. "Jirani anamlisha adui" ni hukumu, haina mjadala. Tarehe 13 Mei 1945, vita vimeisha Ulaya, Churchill alikuwa bado anaisema redioni, akijisifu kwamba serikali yake ilijizuia isiivamie Ireland. De Valera alimjibu redioni siku tatu baadaye, polepole, kama mwalimu mkuu. Sisi tuliokulia kwenye nchi iliyojiita isiyofungamana na upande wowote, tukasikia wakubwa wanavyotusema kwa ajili hiyo, sauti hizo mbili hazitupi tabu kuzitambua.

Na wajomba halisi? Walikuwepo! Serikali iliweka vituo themanini na tatu vya kutazama bahari kuzunguka pwani yote, kwenye kila rasi yenye upepo wa kung'oa kofia, na ikawaajiri wanaume wa palepale wanaoijua bahari yao. Walikaa kwenye vibanda vya zege mchana na usiku, na kila walichokiona, ndege, meli, moshi, boya lililokatika, nyambizi, walikiandika daftarini na kukipigia simu. Taarifa hizo ziliwafikia Waingereza pia, kimyakimya, zaidi ya vile de Valera angekiri hadharani. Madaftari yapo Dublin, kwenye hifadhi ya nyaraka za kijeshi. Nimekaa nayo. Mwandiko ni wa wakulima, kalamu imekandamizwa. Mjomba aliyeiona nyambizi kweli aliandika saa, upande wa upepo, na umbali, halafu akasaini jina lake.

Mhadhiri aliponirudishia insha ya kwanza alikuwa ameandika pembeni neno moja: Ushahidi? Alikuwa ameliandika kando ya maneno ya bibi. Kando ya nyambizi za rafiki yangu wa semina, ambaye aliniazima insha yake kwa moyo safi kabisa, hapakuwa na alama.

Ipo historia ambayo ningependa wote wawili waisome kuhusu suala hili la nani anaaminiwa, na inapita kwenye ufukwe huohuo wa Kerry. Roger Casement, Mwireland, alikuwa balozi mdogo wa Uingereza huko Boma. Mwaka 1903 alipanda mto Kongo kuchunguza utawala wa Mfalme Leopold. Leopold alikuwa na karatasi: takwimu, mikataba, barua za kusifu ustaarabu. Casement aliketi na watu akawasikiliza. Watu waliokatwa mikono, waliochomewa vijiji kwa ajili ya mpira, wakasema ni nani, wapi, baada ya mvua zipi. Ripoti ilipotoka 1904 watetezi wa mfalme walisema ni porojo za wenyeji. Porojo zile zilikuwa kweli, na karatasi za mfalme zilikuwa uongo. Serikali ya Uingereza ilikuwa hata imeyaondoa majina ya mashahidi ikaweka herufi mahali pake, na Casement alikasirika sana, kwa sababu alijua shahidi bila jina anageuka kuwa nini. Anageuka kuwa mjomba.

Casement huyu ndiye aliyekuja kwa nyambizi ya kwanza ya kukumbukwa Kerry, wakati wa vita ya kabla ya hii. Alfajiri ya tarehe 21 Aprili 1916, Ijumaa Kuu, U-19 iliwashusha watu watatu kwenye kiboti mbele ya ufukwe wa Banna. Kiboti kilipinduka, wakafika nchi kavu wamelowa. Kamanda wa U-19, Raimund Weisbach, alikuwa mwaka uliotangulia ofisa wa topido kwenye U-20, nyambizi iliyoizamisha Lusitania kusini mwa Kinsale kwa dakika kumi na nane, watu karibu 1,200 wakafa. Casement alikamatwa saa chache baadaye na kunyongwa London mwezi Agosti. Mafuta, kama unauliza, hakuna aliyempa Weisbach.

Mwezi uliopita nilichukua basi hadi Dingle, kisha nikapata lifti hadi Ventry, kwa sababu nilitaka kuona mahali ambapo nyambizi ilikuja mchana kweupe. Tarehe 4 Oktoba 1939 U-35, kamanda wake Werner Lott, iliingia kwenye ghuba ile ikiwa na Wagiriki ishirini na wanane. Siku moja kabla ilikuwa imeizamisha meli yao, Diamantis, iliyobeba madini kutoka Freetown, na bahari ilikuwa mbaya mno kuwaacha kwenye mashua zao. Lott akawachukua, akawaleta Ireland, akawashusha wachache wachache kwa kiboti kidogo huku watu wa kijiji wamesimama wanatazama. Kisha ikaondoka. Wagiriki wakapewa chakula, wakapelekwa Dingle.

Ilichukua siku ngapi dunia kujua? Tarehe 16 Oktoba ilikuwa kwenye jalada la jarida la Life, Marekani. Siku kumi na mbili! Hivyo ndivyo ilivyo nyambizi ikija kweli kwenye ghuba ya Kerry. Polisi anajua, mwenye duka anajua, New York inajua. Na ndiyo hiyo wanayotaka tuamini kwamba ilirudi mara kwa mara miaka mitano, na mapipa mia sita, bila hata picha moja.

Kuna jiwe la kumbukumbu pale, liliwekwa 2009, miaka sabini baadaye. Nilikaa karibu nalo nikila sandwichi. Maji yalikuwa ya kijivu na mtu mmoja alikuwa anamfundisha mbwa kuogelea. Kwa upande wa kaskazini, mbali nje ya macho yangu, ndiko zilikolala nyambizi nyingi kuliko zote zilizowahi kufika kisiwa hiki: 116 zilizosalimu amri 1945, Waingereza wakazivuta wao wenyewe wakazizamisha. Wingi huo haujawahi kutajwa na mjomba yeyote.

Mzee wa dukani, nilipokwenda kununua maji, aliniuliza nimekuja kuona nini. Nikamwambia Wagiriki. Akaniambia baba yake alikuwepo, mvulana mdogo, alikumbuka kwamba walikuwa wanatetemeka. Nikasubiri. Nikauliza na dizeli je? Akanitazama kama nimemtukania mtu. "Baba hakusema habari ya dizeli."

Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nikamweleza bibi, Rufiji, mzigo wa chuma uliokokotwa hadi Dar es Salaam, na kwa kuwa alikuwa anasikiliza vizuri, nikamweleza na sanduku la Mjerumani. Akaweka chenji yangu juu ya kaunta taratibu, akainama mbele.

"Na hiyo dhahabu," akasema, "hamjaipata bado?"

Nikamwambia mjomba wangu anajua ilipo.